Louis Pasteur: aliyekiwahi kichaa cha mbwa kabla hakijafika kwenye ubongo

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ndiyo siku aliyofariki Louis Pasteur, mwaka 1895. Leo tunasimulia maisha yake, kwa kuwa alichokigundua kinatuhusu sisi wa Mtwara, kuanzia Newala hadi Msimbati, karibu na mto Ruvuma unapoingia baharini.

Pasteur alizaliwa Desemba 27, 1822, mjini Dole, Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengeneza ngozi. Akiwa na miaka minane, mbwa mwitu mwenye kichaa aliwang'ata watu wa maeneo ya Arbois, alikokulia. Tiba ilikuwa kuchomwa kidonda kwa chuma cha moto kwa mhunzi.

Alisomea kemia, si udaktari. Virusi vya kichaa cha mbwa huingia kwa mate ya mnyama, kisha hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, nao ukavimba. Mara nyingi safari hiyo huchukua wiki kadhaa au miezi. Pasteur hakuweza kuviona virusi, lakini alitambua kwamba muda huo ni nafasi ya kumwokoa mtu. Alikausha uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa ili kuupunguzia ugonjwa nguvu, akapata chanjo na kuijaribu kwa mbwa.

Julai 6, 1885, aliletewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace, aliyeng'atwa siku mbili kabla. Kwa kuwa Pasteur hakuwa daktari, sindano zilichomwa na daktari, 13 kwa jumla. Mtoto hakuugua. Ukubwani alikuwa mlinzi wa Taasisi ya Pasteur, Paris.

Kuanzia mwaka 2010, Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kusini-mashariki iliyoingia katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa. Lakini kila mwaka huzaliwa watoto wa mbwa wasio na chanjo, hivyo kazi hiyo haiishi.

Mgonjwa akishaanza kuogopa maji, hakuna tiba. Karibu wote hufa. Kwa hiyo ukiumwa na mbwa, hata ukikwaruzwa tu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama hakina chanjo, uliza inapatikana wapi, na umalize dozi zote. Wazazi, msiwagombeze watoto wanaosema wameng'atwa. Mtoto anayeficha jeraha anaupoteza muda ule uliomwokoa Meister.