Olonana: Ndugu wa Damu na Rafiki Mwenye Bunduki

Somo: Mwanzo 27 na 33

Wiki hii tutazame maisha ya mtu ambaye jina lake tunalitaja bila kumfikiria: Olonana, yule Wazungu walimwita Lenana. Jina lake liko kwenye shule Nairobi na kwenye kilele cha Mlima Kenya, lakini alikuwa mtu wa huku kwetu, mtu wa Ngong.

Baba yake, Mbatian, alikuwa laiboni mkuu wa Wamaasai. Alikufa karibu mwaka 1890, na wazee husimulia kifo chake utadhani wanasoma Mwanzo 27. Mzee alimwambia Sendeyo, mwanawe mkubwa, aje asubuhi apewe vifaa vya ulaiboni. Olonana alikuwa amejificha kwenye kibanda cha ndama, akasikia yote. Kabla kupambazuke akawahi. Mzee, aliyekuwa na jicho moja tu, akampa akidhani ni Sendeyo. Upande wa Sendeyo husimulia vingine, lakini mwisho ni ule ule: ndugu wawili wakaingia vitani.

Sasa ona alichorithi. Sotoka imemaliza ng'ombe, ndui inaua watu, njaa imeingia kila boma, na Waloita wako na ndugu yake. Olonana akageukia Waingereza waliokuwa na ngome kule Kabete, na watu wake wakapata pa kukimbilia. Baadaye morani walipigana pamoja na Waingereza dhidi ya Wanandi, wakalipwa ng'ombe waliotekwa. Mifugo ikaanza kurudi. Mwaka 1902 Sendeyo mwenyewe akaja kuomba amani.

Mimi simlaumu haraka. Ukiona watoto wanakufa, utashika mkono wowote ulionyooshwa.

Lakini Mzungu alimhitaji Olonana wakati Mzungu alikuwa mchache. Reli ilipokamilika, mambo yakageuka. Mwaka 1904 Olonana na wazee wakakubali mkataba: Wamaasai watoke Naivasha na Nakuru, wengine waende Laikipia, wengine waje huku kusini. Waliahidiwa kwamba mpango huo utadumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Haukufika miaka 7. Olonana alikufa Machi 1911, na mwezi uliofuata ukaja mkataba mwingine. Mwanawe Seggi, bado kijana mdogo, ndiye aliyewekwa mbele. Laikipia ikaenda. Mwaka 1913 Wamaasai walienda kortini, wakashindwa.

Wapendwa, haya yananigusa. Baba yetu alipofariki, mimi na ndugu yangu tuligombania shamba. Badala ya kukaa chini naye, nilitafuta mtu mwenye pesa asimame upande wangu, nikamwahidi ekari kadhaa. Nilishinda kesi. Leo nikipita pale naona ukuta wa mawe. Rafiki yangu alichukua sehemu yake, kisha yangu ikaenda kwa deni. Mimi na ndugu yangu sote tuko nje ya ukuta.

Yakobo pia aliiba baraka. Lakini katika Mwanzo 33 alirudi, akainama mara saba mbele ya Esau, na Esau akamkimbilia akamkumbatia. Walikutana uso kwa uso. Olonana na Sendeyo nao walipatana, lakini walichelewa, mgeni alikuwa ameshaingia ndani ya nyumba.

Kwa hivyo, wewe mwenye ugomvi wa ploti hapa Kitengela, Isinya au Kajiado, kabla hujampigia broka, mpigie ndugu yako. Mimi nilimpigia wangu mwaka jana. Tulianza na salamu tu. Shamba halikurudi, lakini ndugu yangu amerudi, na Krismasi tulikula pamoja.

Kwenye kesha la Ijumaa tutaombea familia zenye kesi za mashamba. Njoo, na ukiweza, njoo na ndugu yako. Mungu awabariki.