August Engelhardt: Mjerumani aliyevua nguo akaishi kwa nazi

MWANZONI mwa karne ya 20, wakati viwanda vya Ujerumani vikijaza maduka kwa nguo, sabuni na bidhaa za kila aina, kijana mmoja aliyekuwa msaidizi katika duka la dawa aliamua kuvipa kisogo vyote hivyo. Alivuka bahari hadi kisiwa kidogo cha Pasifiki, akavua nguo, akaazimia kutotia kinywani chochote isipokuwa nazi. Aliitwa August Engelhardt.

Alizaliwa mwaka 1875 katika mji wa Nürnberg. Ujana wake uliangukia wakati ambapo miji ya Ujerumani ilikuwa ikivimba kwa haraka, na moshi wa viwanda ukizidi kuyafunika makazi ya wafanyakazi. Miongoni mwa wasomi lilizuka vuguvugu la watu waliodai kuwa binadamu amefanywa mtumwa wa vitu alivyovitengeneza mwenyewe. Wengine waliacha nyama, pombe na tumbaku. Wengine waliona kwamba kosi gumu la shati na nguo za kubana kiuno ndizo minyororo ya kwanza ya kukatwa. Mwaka 1896 Adolf Just alifungua katika milima ya Harz makao yaliyoitwa Jungborn, ambako wageni waliota jua na kupunga hewa bila nguo. Engelhardt alipitia huko, na mafunzo ya mahali hapo yakamwingia hasa.

Hata hivyo, yeye hakutosheka na likizo ya uchi milimani. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1898 pamoja na rafiki yake August Bethmann, alijenga hoja kwamba jua ndilo chimbuko la uhai wote. Kwamba nazi, kwa kuwa hukomaa juu kabisa ya mti, ndiyo tunda lililo karibu zaidi na jua. Na kwamba umbo lake la duara, lifananalo na kichwa cha mtu, ni ushahidi kuwa limeumbwa kwa ajili ya binadamu. Anayeishi kwa nazi na jua, alisema, hahitaji nguo, jiko, daktari wala fedha. Kwa mtu wa pwani, anayejua kitale, dafu, koroma na nazi kila kimoja kwa kazi yake, hoja hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi kuamka asubuhi akakuta hakuna kingine cha kula.

Septemba 1902 aliwasili Guinea Mpya, koloni la Ujerumani kama ilivyokuwa Tanganyika wakati huo. Alinunua shamba katika kisiwa cha Kabakon kutoka kwa Emma Kolbe, mwanamke tajiri mwenye asili ya Samoa na Marekani aliyejulikana kwa jina la Malkia Emma. Alijijengea kibanda, akapanga ndani yake vitabu vyake vingi, akaanzisha jumuiya aliyoiita ya Jua.

Hapa ndipo ulipokuwa utata wa maisha yake. Shamba lile halikuwa bustani ya Edeni bali lilikuwa shamba la biashara. Mbata iliyotoka katika visiwa hivyo ilipakiwa melini kwenda kukamuliwa mafuta, na mafuta hayo yakawa sabuni na siagi ya kiwandani, yaani bidhaa zilezile alizozikimbia. Kazi ya kuangua, kufua na kukausha nazi ilifanywa na vibarua wa Kimelanesia. Wao hawakuiacha samaki wala viazi vyao kwa ajili ya imani ya bwana shamba, na uchi wake haukuwaondolea mzigo hata mmoja.

Barua na maandishi yake yalisomwa Ujerumani, na wafuasi wachache wakafunga safari. Kijana kutoka kisiwa cha Helgoland alifariki dunia wiki chache tu baada ya kufika. Mwanamuziki wa Berlin, Max Lützow, aliyeyasifu sana maisha ya Kabakon katika barua zake, naye alifariki mwaka 1905. Bethmann alimfuata rafiki yake kisiwani. Akafariki mwaka 1906. Nazi iliyotarajiwa kuwakinga na kila maradhi haikuwakinga na homa za ukanda wa joto.

Engelhardt mwenyewe alidhoofu hadi akalazwa hospitalini Herbertshöhe, mwili umejaa vidonda na uzito wake ukiwa kilo 39. Alitibiwa kwa dawa na chakula alivyovikataa, akapona, kisha akarejea kisiwani na kwenye nazi zake. Serikali ya koloni, chini ya Gavana Albert Hahl, ilichoshwa na Wazungu waliokuja kuwa mzigo kwa hospitali, ikawawekea masharti wageni wapya.

Kwa miaka iliyofuata alibaki kivutio cha wasafiri, waliopiga naye picha akiwa na ndevu ndefu na kitambaa kiunoni. Vita vilipozuka mwaka 1914, majeshi ya Australia yaliiteka Guinea Mpya. Walimshikilia Rabaul kwa muda mfupi, wakamwona kuwa mwehu asiye na madhara, wakamwachia arudi Kabakon. Huko alifariki mwezi Mei 1919, akiwa na umri wa miaka 43. Kaburi lake halijulikani lilipo.