Chevalier Jackson, munganga aliyefungua koo za watoto waliokunywa soda ya sabuni

Soda kali inayochanganywa na mafuta ya mawese ili kupata sabuni, ikiisha kuyeyuka inafanana na maji. Mtoto wa Bunia akiikuta ndani ya chupa ya kinywaji, hana namna ya kujua. Karibu miaka 100 iliyopita hatari hiyohiyo ilikuwa jikoni kwa wakaaji wa Marekani, na munganga aliyepambana nayo ni Chevalier Jackson.

Alizaliwa Pittsburgh tarehe 4 Novemba 1865. Alikuwa mtoto mwembamba, na wenzake wa shule walimtesa vikali. Alipata diploma ya uganga mwaka wa 1886, akachagua kutibu magonjwa ya koo. Yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu zaidi ya mara moja.

Miaka ile, aliyekwamwa na kitu kooni mara nyingi alikufa. Jackson alitengeneza mirija myembamba yenye taa na koleo ndefu, akaweza kuona ndani ya umio, njia inayopeleka chakula tumboni, na kutoa kitu bila kupasua. Hakutaka kujipatia haki ya pekee juu ya vyombo hivyo. Aliwafundisha waganga wengine.

Lakini soda haitolewi kwa koleo. Inaunguza umio, na kidonda kikipona kinaacha kovu linalokaza njia. Wazazi wanaweza kudhani mtoto amepona, kumbe majuma machache baadaye anashindwa kumeza chakula kigumu, halafu uji, mwishoni hata maji. Kumtapisha aliyeinywa ni kosa kubwa: inapanda na kuunguza mara ya pili.

Siku moja aliletewa msichana mdogo wa familia maskini, amekonda, maji hayapiti tena. Jackson alishusha mrija, akatoa uchafu uliokuwa umeziba pale penye kovu. Msichana akapewa maji. Akanywa kidogo kwa woga, akaendelea, yakashuka. Kabla ya kuondoka alimbusu munganga mkono. Watoto kama huyo walipaswa kurudi mara nyingi, njia ipanuliwe polepole, na wengi wao aliwatibu bila malipo.

Jackson aliona kwamba kupanua koo hakutoshi ikiwa soda inauzwa bila alama yoyote. Kwa miaka mingi alizunguka kuwashawishi waganga wenzake na wabunge, kazi isiyompendeza mtu mpole kama yeye. Tarehe 4 Machi 1927 rais Calvin Coolidge alitia sahihi sheria: kila chombo cha soda ya nyumbani kiandikwe kwamba ni sumu, pamoja na maelezo ya huduma ya kwanza.

Alifariki tarehe 16 Agosti 1958, akiwa na miaka 92. Vitu 2.374 vilivyokwama kwa wagonjwa, zikiwemo pini, vifungo na sarafu, vinahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mütter, mjini Philadelphia.