Louis Pasteur, mutu asiyekuwa munganga lakini aliokoa wenye kuumwa na mbwa

Mu malupango mingi ya Kolwezi, kuanzia Manika mpaka Dilala, mbwa njo mulinzi wa usiku. Inakula mabaki ya bukari, inalala karibu na mulango, na muchana watoto wanacheza nayo. Lakini siku ile mbwa inauma mutoto, nyumba yote inavurugika. Mumoja anatafuta mafuta ya ngazi, mwengine chumvi, mwengine fimbo ya kuua mbwa. Wachache tu njo wanakumbuka sabuni, maji na shindano ya lopitali.

Ile shindano iko na historia yake. Inatoka kwa mutu mumoja wa Ufaransa mwenye kufa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hakukuwa munganga, hakukuwa veterineri. Jina lake ni Louis Pasteur. Kila mara unasikia maziwa imepasterizwa, ni jina lake njo liko ndani ya neno hilo.

Mutoto wa mutengenezaji wa ngozi

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika muji mudogo wa Dole, upande wa mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa askari wa Napoleon, kisha akafanya kazi ya kutengeneza ngozi za nyama. Familia haikukuwa na mali mingi. Walihamia Arbois, na pale njo Louis alikomalia. Mu masomo hakukuwa wa kwanza sana. Alipenda zaidi kuchora sura za wazazi wake na za majirani.

Mwaka wa 1831, mbele hajafikisha miaka 9, mbwa-mwitu yenye wazimu ilipita mu vijiji vya karibu na kuuma watu. Dawa ya ile wakati ilikuwa moja: kupeleka mutu kwa mufuaji wa chuma na kuchoma kidonda na chuma chenye moto. Wengi walichomwa vile, na wengine wao walikufa hata vile, na maumivu makubwa, wakiogopa hata maji ya kunywa. Louis aliishi karibu na ile karakana.

Kazi mbele ya mbwa

Alisoma kemia Paris. Mwaka wa 1849 alioa Marie Laurent huko Strasbourg. Huyu mama alikuwa zaidi ya muke wa nyumba: mangaribi aliandika maneno Pasteur alimusomea, alipanga karatasi, na alielewa kazi vizuri. Walizaa watoto watano. Watatu walikufa wangali wadogo, wawili kati yao na homa ya tumbo. Mutu mwenye kuzika watoto vile hawezi kuona mikrobe kama jambo la vitabu tu.

Mbele watu wenye viwanda walimuita juu ya shida zao. Kwa nini pombe inaharibika? Kwa nini divai inageuka chungu? Pasteur alionyesha kama vijidudu vidogo sana njo vinafanya kazi hiyo, na kama kupasha moto kidogo kunaviua. Kisha serkali ilimutuma kusini kutafuta ugonjwa wenye kumaliza vidudu vya hariri. Mwaka wa 1868, akiwa na miaka 45, upande wake wa kushoto ulikufa ganzi. Tangu pale alitembea na shida, na mukono wake wa kushoto haukufanya tena kazi vizuri. Mambo makubwa zaidi ya maisha yake aliyafanya nyuma ya ugonjwa huo.

Kuku na kondoo njo walifungua njia

Kati ya 1879 na 1880, Pasteur na wasaidizi wake walikuwa wanachunguza ugonjwa wenye kuua kuku. Waliona kama mikrobe zenye kuzeeka hazina tena nguvu ya kuua: kuku zenye kupewa mikrobe hizo ziligonjwa kidogo, kisha hata zikipewa mikrobe kali, hazikufa. Mwingereza Edward Jenner alikuwa ametumia chanjo mwaka wa 1796, juu ya ndui. Pasteur alionyesha kama mutu anaweza kupunguza nguvu ya mikrobe mwenyewe, ndani ya labo.

Mwezi wa 5 mwaka wa 1881, mu shamba la Pouilly-le-Fort, alikubali kujaribiwa mbele ya watu wote juu ya kimeta. Kondoo 24 zilichanjwa, zingine 24 zikaachwa bila kuchanjwa. Kisha zote zikapewa kimeta kikali. Tarehe 2 Juni watu walikuja kuona: zile zenye kuchanjwa zilikuwa nzima, na zile zingine zilikuwa zimekufa ao zinakufa. Wafugaji wengi wakaanza kuitisha chanjo.

Wazimu wa mbwa

Mu mwisho wa 1880, veterineri mumoja wa zamani wa jeshi alimuletea mbwa mbili zenye wazimu. Kazi ilianza, na ilikuwa ya hatari. Mate ya mbwa ile njo yalikuwa na ugonjwa, na walipaswa kuyachukua mu kinywa cha mbwa yenye kufungwa, watu wakiikamata na mikono.

Pasteur hakukuwa peke yake. Veterineri wa Lyon, Pierre Victor Galtier, alikuwa ameonyesha tangu 1879 kama sungura zinaweza kupata ugonjwa huu, na kama mutu anaweza kuutafuta kupitia sungura bila kukamata mbwa kila siku. Leo watu wachache njo wanajua jina la Galtier. Mu labo, munganga kijana Émile Roux naye alifanya sehemu kubwa ya kazi.

Virusi ya wazimu ilikuwa ndogo sana, hata mikroskopi ya wakati ule haikuweza kuionyesha. Kwa hiyo Pasteur alitafuta adui asiyemuona. Alijua kama anaishi ndani ya ubongo na uti wa mugongo. Walichukua uti wa mugongo wa sungura zenye kufa na wazimu, wakautundika ndani ya chupa zenye hewa kavu. Kila siku uti ulipoteza nguvu kidogo. Nyuma ya siku 14 haukuweza tena kuua. Mbwa zilipewa mbele ule wenye kulegea, kisha wenye nguvu kidogo kidogo. Mingi zilisimama imara. Zingine nyingi zilikufa mu utafiti huo, na kulikuwa watu wenye kumulaumu juu ya hilo.

Mutoto wa Alsace

Tarehe 4 Julai 1885, mutoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliumwa na mbwa huko Alsace, vidonda vingi mu mikono na miguu. Tarehe 6 mama yake alimufikisha Paris. Pasteur alikuwa na miaka 62. Sheria haikumuruhusu kuchoma mutu shindano. Aliuliza wanganga wawili, Vulpian na Grancher; wote waliona kama mutoto atakufa kama hakuna kitu kinafanywa. Mangaribi ya siku ile, Grancher alichoma shindano ya kwanza.

Zilikuwa 13 kwa siku 10 hivi, na kila moja ilikuwa na nguvu kuliko ya mbele. Ya mwisho ilikuwa na virusi kali kabisa. Pasteur alikosa usingizi mu siku zile. Mutoto alirudi kwao muzima.

Kwa nini shindano inaweza kusaidia mutu mwenye kuumwa tayari? Ni juu virusi hii inatembea polepole. Inafuata mishipa ya fahamu kutoka kidonda mpaka ubongo, mara mingi majuma ao miezi. Chanjo ikifika mbele, mwili unapata wakati wa kujikinga. Lakini alama zikianza, kuogopa maji, kutetemeka, kuvurugika akili, karibu hakuna mutu anapona, hata leo.

Mu mwezi wa 10 wa mwaka ule, Jean-Baptiste Jupille, kijana mwenye kuchunga nyama huko Jura, aliumwa wakati alipigana na mbwa yenye wazimu juu ya kuokoa watoto wadogo. Naye aliponyeshwa. Lakini Louise Pelletier, binti wa miaka 10, aliletwa nyuma ya siku 37. Pasteur alijua kama ni kuchelewa, lakini hakuweza kufukuza wazazi. Binti alikufa mwezi wa 12. Mwaka wa 1886 Warusi 19 wenye kuumwa na mbwa-mwitu walifika kutoka Smolensk. 16 walirudi kwao wazima.

Watu wa inchi mingi walitoa feza, na Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa Paris tarehe 14 Novemba 1888. Joseph Meister, akiwa mutu muzima, alikuja kulinda mulango wa nyumba ile mpaka kifo chake mwaka wa 1940.

Makosa yake

Pasteur hakukuwa malaika. Alikuwa mukali, alipenda sifa, na hakusema kila kitu. Aliomba familia yake isionyeshe madaftari yake. Wakati watafiti waliyafungua nyuma ya miaka ya 1970, waliona kama chanjo ya kondoo za Pouilly-le-Fort ilitengenezwa kwa njia ya musaidizi wake Chamberland, sio ile Pasteur alikuwa anaonyesha mbele ya watu. Waliona pia kama wakati Meister alichomwa, majaribio ya njia ile ile juu ya mbwa hayakukuwa yamemalizika. Kama mutoto angekufa, historia ingemusema vingine.

Kutoka Paris mpaka kwetu

Pasteur alikufa tarehe 28 Septemba 1895, karibu na Paris. Mwaka wa 1902, wakati wazimu wa mbwa ulitokea Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, Adrien Loir, mutoto wa dada wa Mama Pasteur, alienda Bulawayo kupanga kituo cha kuchanja watu. Ni kutoka Bulawayo njo reli ilipanda mpaka Katanga, ikafika Élisabethville mwaka wa 1910.

Hata vile ugonjwa haujaisha. Shirika la afya la ulimwengu linahesabu kama unaua karibu watu 59 000 kila mwaka, zaidi Afrika na Asia, na kati ya watu 100 wenye kuupata, 99 wanaupata kwa mbwa. Karibu nusu ni watoto.

Ndani ya lupango, kazi ya Pasteur inaanza na mbwa yenyewe. Inapaswa kuchanjwa tangu miezi 3, kisha kurudilia kufuatana na karte yake, mara mingi kila mwaka, paka vilevile. Veterineri anaweza kuja kwenye nyumba. Mwenye mbwa aifunge mbele na aikamate yeye mwenyewe, juu mbwa inamujua, na karte ibakie mu nyumba. Shindano ya mbwa ni bei ndogo kuliko zile mutu anapaswa kuchomwa akiumwa.

Kama imeuma, osha kidonda na maji mingi na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbia lopitali siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Mafuta na chumvi hayaui virusi, sawa vile chuma cha moto hakikutosha Arbois. Usiharakishe kuua mbwa kama unaweza kuifunga bila hatari: ichungwe siku 10. Kama inabadilisha sauti, inatoka mate, inauma miti, ao inajificha na miguu inalegea, ita veterineri mbio.

Tarehe 28 Septemba, siku ya kifo cha Pasteur, njo inchi mingi zilichagua tangu 2008 kuwa siku ya kupigana na wazimu wa mbwa. Ni siku nzuri ya kufungua karte ya mbwa na kuangalia tarehe ya shindano ya mwisho.