John Wesley: Wakili Aliyeogopa Kufa Tajiri

Jina la John Wesley si geni humu nchini. Mwaka 1862 wamishonari wa tawi mojawapo la Wamethodisti walishuka Mombasa, wakajenga kituo chao Ribe, na tangu hapo wafuasi wake wameenea toka Pwani hadi Meru. Wengi wanamjua kama yule Mwingereza aliyezunguka na farasi akihubiri. Lakini ni wachache waliopata kusikia habari za daftari lake la hesabu, na humo ndimo bwana huyu anamoonekana vizuri zaidi.

Alizaliwa mwaka 1703 katika kijiji cha Epworth, ambako baba yake alikuwa kasisi. Ufukara aliujua tangu utotoni, maana baba yake alipata hata kutiwa gerezani kwa sababu ya deni. Mwaka 1709 nyumba yao iliteketea usiku, na mtoto John, mwenye umri wa miaka mitano, aliokolewa kupitia dirishani na watu waliopandiana mabegani.

Alipokuwa mwalimu huko Oxford ndipo jambo la fedha lilipomchoma moyo. Siku moja ya baridi kali, akiwa amekwisha kununua picha za kupamba chumba chake, alijiwa na mtumishi wa kike aliyevaa kigauni chepesi. Wesley akatia mkono mfukoni ampe kitu cha kununulia nguo nzito, akakuta kilichosalia ni kidogo mno. Picha zile ukutani zikawa zinamshtaki. Basi akaanza kuhesabu. Mwaka mmoja alipata pauni 30, akatumia 28, akatoa 2. Mwaka uliofuata alipata 60, akaishi kwa zile zile 28, akatoa 32. Kipato kikafika 90, kisha 120, naye hakuongeza hata senti moja ya matumizi yake. Je, ni wangapi kati yetu ambao mshahara ukipanda, kodi ya nyumba na suti hazipandi pamoja nao?

Hata hivyo, mtu aweza kutoa sana na bado akawa na hofu moyoni. Mwanzoni mwa mwaka 1736, akisafiri kwa meli kwenda Georgia, Marekani, bahari ilichafuka hata tanga kuu likararuka na maji yakamiminika ndani. Waingereza walipiga mayowe. Kundi la Wamoraviani kutoka Ujerumani, wanaume kwa wanawake na watoto, waliendelea kuimba zaburi. Wesley akatambua kwamba yeye, kasisi aliyewasomea wengine habari za ufufuo makaburini, alikuwa akiogopa kufa. Kazi yake huko Georgia ikaharibika, akarudi kwao na aibu. Ilikuwa jioni ya Mei 24, 1738, katika mkutano mdogo wa mtaa wa Aldersgate, London, wakati mtu mmoja alipokuwa akisoma maneno ya Luther juu ya Waraka kwa Warumi, ndipo alipohisi kwamba imani ile sasa ni yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata alitoka nje akahubiri viwanjani, kwanza huko Bristol, jambo ambalo kwa kasisi wa siku zile lilikuwa kama kwenda uchi. Milango ya makanisa ilifungwa mbele yake. Mwaka 1742 alinyimwa mimbari ya Epworth, ya baba yake mzazi. Akapanda juu ya kaburi la mzee huyo uani, akahubiri kutoka pale jioni baada ya jioni.

Fedha nazo hakuziacha zilale. Jumba la ibada la Bristol lilipokuwa na deni, watu waligawanywa vikundi vya kama kumi na wawili, kila mmoja alete peni moja kwa juma. Mwaka 1746 alianzisha mfuko wa kukopesha maskini, shilingi 20 kwa mtu, zirudishwe katika miezi mitatu. Vijitabu vyake vya bei rahisi vilinunuliwa mno, akajikuta tajiri bila kukusudia, naye akavigawa vyote vilivyoingia. Mwaka 1776 wakubwa wa kodi walimshuku kuwa anaficha vyombo vya fedha. Aliwajibu kwamba ana vijiko viwili London na viwili Bristol, wala hatanunua zaidi maadamu walio karibu naye hawana mkate.

Hakuwa malaika. Ndoa yake na mjane Mary Vazeille, waliyofunga mwaka 1751, ilikuwa ya magomvi, na kwa maoni yangu mtu aliyehesabu kila peni angaliweza kumhesabia mkewe siku nyingi zaidi za kukaa nyumbani.

Uzeeni kilichomsumbua zaidi ni wafuasi wake. Dini iliwafundisha bidii na kuacha ulevi, bidii ikawaletea mali, mali ikawapoza. Walijua kuchuma na kuweka, lakini kutoa wakasahau. Aliwakemea waziwazi katika mahubiri yake ya mwisho mwisho. Januari 1785, akiwa na umri wa miaka 81, alitembea siku kadhaa katika mitaa ya London, theluji ikimfika vifundoni, akiomba pauni 200 za kuwavika maskini. Alizipata, kisha akaugua.

Julai 1790, kwa mkono unaotetemeka, alilifunga daftari lake, akiandika kwamba hataandika hesabu tena, maana ameridhika kuwa ametoa vyote alivyo navyo. Alikufa Machi 2, 1791, akijaribu kuimba wimbo wa Isaac Watts, na waliokuwapo hawakuona kwake ile hofu ya melini. Alizikwa kabla ya mapambazuko kwa kuogopa msongamano. Katika wosia wake alikataza gari la maiti: jeneza lilichukuliwa na maskini sita, na kila mmoja akalipwa pauni moja.