Conrad Schlumberger, mwalimu aliyeuliza udongo kwa umeme

Sisi watu wa mine tunajua: kuchimba shimo ni feza, ni jasho, na pengine ni maisha ya mutu. Ukichimba pahali pasipo na kitu, umetupa yote bure. Conrad Schlumberger alitumia maisha yake kutafuta namna ya kujua kilicho chini mbele ya kuchimba.

Alizaliwa mwaka 1878 huko Guebwiller, mu jimbo la Alsace, lililokuwa wakati ule mikononi mwa Wajerumani. Baba yake, Paul, alikuwa na kiwanda cha vitambaa. Conrad alisoma Paris, kwanza École Polytechnique, kisha École des Mines. Mwaka 1907 akawa mwalimu wa fizike mu ile ile École des Mines.

Wazo lake lilikuwa hili: jiwe lenye madini ya shaba linapitisha umeme vizuri, lakini jiwe kavu linaukatalia. Basi akajaza beseni kubwa la shaba na muchanga na mawe, akapitisha umeme, akapima. Mwaka 1912 alifanya vile vile kwenye shamba la jamaa yao, Val-Richer, mu Normandie. Unapiga vyuma mu udongo, unapitisha umeme, unapima, unachora mistari kwenye karata. Pahali mistari inapinda, kuna kitu chini. Mwaka 1913, kule Bor, mu Serbia, njia hiyo ilionyesha madini ya shaba.

Kisha vita ya 1914 ikaja, kazi ikasimama, Conrad akaenda kuwa askari.

Mwaka 1919 baba yao aliahidi faranga 500.000 kwa Conrad na mudogo wake Marcel, enjeniere. Lakini aliweka sharti: utafiti wa elimu utangulie, faida ifuate. Fikiri, mutu wa biashara kusema vile! Na kweli, kwa miaka mingi feza zilitoka kuliko zilivyoingia. Hata hivyo watu wao walifika mbali, mpaka Afrika ya Kusini na Congo ya Wabelgiji.

Mwaka 1927, huko Pechelbronn mu Alsace, mukwe wake Henri Doll na wenzake waliteremusha vyombo ndani ya shimo la petrole. Walisimama kila metre, wakapima, wakaandika kwa mukono. Njo vile shimo lilianza kusomwa kutoka juu mpaka chini. Kazi hiyo ikaenea dunia yote.

Conrad alikufa Stockholm mwaka 1936, akirudi safari ya kazi kutoka Urusi. Alikuwa na miaka 57.

Wazazi, mutoto anayependa hesabu na fizike musimukatishe tamaa. Akisoma jeofizike kwenye iniversite, atajifunza kupima umeme wa udongo, uzito wake, sumaku yake na mutetemeko wake. Kazi haiko mu mine peke yake: kuna kutafuta maji ya kisima, kuchunguza udongo mbele ya kujenga barabara ao daraja, na kulinda watu karibu na volkano, sawa vile inafanywa Goma. Na mu mine yenyewe, anayejua kilicho chini anaweza kupunguza mashimo ya bure, na kuepusha baba wa mutu kuingia pahali pa hatari.