Mganga Fleming na Mikrobi Wabishi

Alexander Fleming alizaliwa tarehe 6 Agosti 1881 katika nchi ya Uskoti, upande wa kaskazini wa Uingereza. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake alikufa Alexander angali mtoto wa miaka 7. Alikwenda shule kwa miguu, hata wakati wa baridi kali. Alipokuwa kijana alihamia London kwa ndugu zake, akafanya kazi ya karani katika ofisi ya meli miaka minne. Kisha alirithi mali kidogo ya ndugu ya baba yake. Mali hiyo ilimwezesha kujifunza uganga katika hospitali ya St Mary's.

Wakati wa vita ya 1914-1918 alitumwa Ufaransa kuangalia askari waliojeruhiwa. Wengi walipona risasi, wakafa kwa sababu ya mikrobi walioingia katika vidonda. Mikrobi ni viumbe vidogo sana, jicho haliwezi kuwaona pasipo darubini. Dawa kali za kuoshea vidonda virefu zilidhuru mwili kuliko kuua mikrobi. Fleming aliona hayo kila siku, na hakuyasahau.

Mwezi wa Septemba 1928 alirudi kazini baada ya mapumziko. Tuseme kweli, meza yake haikuwa safi. Visahani vya kioo alimofuga mikrobi vilikuwa vimerundikana. Ndani ya kimoja kuvu ilikuwa imeota, kama ile inayoota juu ya mkate wa zamani. Mtu mwingine angalikitupa mara moja. Fleming alikitazama vizuri: karibu na kuvu mikrobi walikuwa wameyeyuka! Maji yaliyotoka katika kuvu hiyo akayaita penisilini.

Lakini hakuweza kuyasafisha yawe dawa ya kufaa. Walioweza ni Florey, Chain na wenzao wa Oxford. Mwaka wa 1940 waliwatia panya mikrobi wabaya. Panya waliopewa penisilini wakapona, wengine wakafa. Baadaye dawa hiyo iliokoa askari wengi. Mwaka wa 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa pamoja zawadi ya Nobel.

Siku ya hotuba yake kule Stockholm, Fleming hakuisifu dawa tu. Alitoa mfano wa mtu mmoja mwenye maumivu ya koo. Mtu huyo anajinunulia penisilini, anatumia kidogo, haitoshi. Mikrobi hawafi, bali wanazoea kushindana na dawa. Kisha anamwambukiza mke wake. Mke anashikwa na ugonjwa wa mapafu, anapewa penisilini, lakini haimsaidii, naye anakufa. Nani amemwua? Fleming aliona kwamba ni mume, kwa sababu ya uzembe wake.

Mikrobi hawana akili ya kujifunza kama ninyi wanafunzi. Ila wanazaana upesi mno: wengine wanagawanyika kuwa wawili kabla ya nusu saa kupita. Katika maelfu na maelfu wanaozaliwa, mmoja anaweza kuwa tofauti kidogo. Pengine anatengeneza kitu kinachovunja penisilini. Mgonjwa akitumia dawa, wale dhaifu wanakufa. Yule mbishi anabaki peke yake, nafasi yote ni yake, chakula chote ni chake. Anazaa wengine, nao ni wabishi kama yeye. Wengine wanaweza hata kuwapa mikrobi jirani nguvu hiyo.

Neno la Fleming halikukawia kutimia. Katika hospitali moja ya London walichunguza mikrobi wanaoleta majipu na usaha. Mwaka wa 1946 wabishi walikuwa wachache, kama 14 katika 100. Mwaka wa 1948 walikuwa wamepita nusu. Waganga wakalazimika kutafuta dawa nyingine.

Fleming alikufa London tarehe 11 Machi 1955, akazikwa katika kanisa kubwa la St Paul's. Visahani vyake vya kioo havikuacha kuwa mezani hata katika uzee wake.